Tufike Kabla ya Turubai



Sisi wa Igoma tunajua kuzika. Makaburi yetu yamewapokea ndugu wa MV Bukoba, meli iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Wengi wa wale waliagana na jamaa zao bandarini kwa kupungiana mikono tu. Hawakupata nafasi ya kuungama, ya kusamehe, wala ya kuwaeleza watoto nani anamdai nani. Ndiyo maana Kanisa tangu zamani limetufundisha kuomba tuepushwe na kifo cha ghafla.

Lakini wapo wanaopewa nafasi hiyo: mgonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa, mwenye figo zilizoshindwa kazi, mzee ambaye moyo wake umechoka. Hawa hupata wiki, pengine miezi. Swali langu kwa mafrateri wenzangu na kwenu waamini ni hili: muda huo tunaufanyia nini?

Nianze na kosa langu. Nikiwa katika mwaka wa kichungaji hapa Igoma, nilikuwa nikimtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa amerudishwa nyumbani baada ya matibabu kushindwa. Mlangoni binti yake aliniambia, “Frateri, tafadhali usimwambie. Mwambie atapona.” Nikaingia, nikasali, nikamwambia atapona. Nilirudi mara tatu na maneno yale yale. Mara ya nne alimtuma binti yake dukani, akanigeukia: “Mwanangu, na wewe unanidanganya? Nataka nimwone kijana wangu.” Kijana huyo alikuwa machimboni Geita, na walikuwa hawajazungumza kwa miaka. Nikajibu, “Mama, utapona, utamwona.”

Usiku maumivu yalikuwa yakimzidi hata majirani wakamsikia. Padre aliitwa mama akiwa hawezi tena kusema wala kumeza. Alipata Mpako wa Wagonjwa. Kitubio na Komunyo hakuweza. Siku ya tatu turubai likasimama, sufuria kubwa zikaja, na michango ikasomwa. Nilisikiliza ile orodha nikaona kwamba fedha za jioni moja zingetosha dawa na bajaji za hospitali kwa muda mrefu. Kijana wa Geita alifika. Alifika kuzika.

Hakuna aliyekuwa mbaya katika habari hii. Wote tulimpenda. Ila tulipoambiwa kwamba ugonjwa hauponi, tulidhani hakuna la kufanya tena, tukakaa kusubiri msiba. Hapo ndipo tunapokosea, na hapo ndipo tiba shufaa inapoanza.

Tiba shufaa ni huduma kwa mgonjwa mwenye ugonjwa mzito na kwa familia yake, ili kupunguza mateso na kumsaidia aishi vizuri siku alizo nazo. Inaweza kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine. Hospisi ni sehemu ya huduma hiyo, kwa wale ambao mwisho wao umekaribia. Zamani hospisi ilikuwa nyumba ya kupokea wasafiri na mahujaji. Daktari Cicely Saunders, aliyewahi kuwa muuguzi na ofisa ustawi wa jamii, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: kuna ya moyo, kuna ya familia na fedha, kuna ya roho. Mama yule aliumwa kote huko. Kidonge kisingemleta kijana wake kutoka Geita, na sala isingeondoa haja ya kidonge.

Wengine hudhani hospisi lazima iwe jengo. Tazameni ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwafuata wagonjwa majumbani, wakiwa na mofini ya maji ambayo mgonjwa huinywa kwa kipimo akiwa kitandani kwake. Hapa nchini, wenzetu Walutheri wa hospitali ya Selian, Arusha, nao wamekuwa wakiwafuata wagonjwa nyumbani. Na sisi tunayo Bugando, hospitali ya Baraza letu la Maaskofu, inayotibu saratani kwa Kanda nzima ya Ziwa. Mgonjwa anaporudishwa Igoma kutoka huko, familia iulize kabla ya kuondoka: maumivu yakizidi usiku tufanye nini, dawa tutapata wapi, tumpigie nani?

Najua jina la mofini linawatia watu hofu. Wanasema ni dawa ya kulevya, au kwamba ndiyo inayoua. Ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo kinachofuata maumivu, ni dawa kama nyingine, na ni nadra mgonjwa wa namna hii kuwa teja. Kanisa nalo limesema wazi. Papa Pius XII aliwajibu madaktari jambo hili mwaka 1957. Katekisimu, namba 2279, inakubali dawa za kutuliza maumivu hata kama zingeweza kufupisha siku za mgonjwa, mradi kifo kisikusudiwe, na inaisifu tiba shufaa kuwa ni upendo wa kweli. Namba 2278 inakubali pia kuacha matibabu mazito yasiyolingana na faida yake. Hiki si kifo laini. Kifo laini humwondoa mgonjwa ili mateso yaishe. Tiba shufaa hupambana na mateso na kubaki na mgonjwa.

Mwamini mmoja aliniuliza, “Frateri, je, mateso si msalaba? Tukiyaondoa, hatumnyimi mtu neema?” Ni swali zuri. Mtu anaweza kwa hiari yake kuyatolea mateso yake pamoja na Kristo, na akitaka akili yake iwe macho kwa ajili ya sala au kuagana, tumheshimu. Lakini hakuna anayeweza kuyatolea mateso ya mwingine. Mimi mwenye afya sina ruhusa ya kumwamulia mama wa watu kwamba asitulizwe ili apate neema. Simoni wa Kirene alipowekewa msalaba wa Yesu begani, hakusimama kumweleza thamani ya mateso. Aliubeba.

Basi tubebe. Katika kila jumuiya ndogo ndogo tunajua nani amelala kitandani. Tupange zamu, ili anayeuguza apate walau usiku mmoja wa kulala. Mfuko wa msiba uwe na fungu la mgonjwa aliye hai: bajaji ya kwenda kliniki, sabuni, nepi za watu wazima, uji. Padre aitwe mgonjwa akiwa bado anaweza kusema. Mpako si sakramenti ya maiti wala tangazo la kifo. Hutolewa mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, na unaweza kurudiwa hali ikizidi. Kila Februari 11, Siku ya Wagonjwa Duniani, wengi hupakwa mafuta kanisani. Tukumbuke kwamba walio wagonjwa zaidi siku hiyo hawafiki kanisani.

Na sisi mafrateri tujifunze kunyamaza. Tuvute kigoda, tukae, tumuulize mgonjwa, “Unaonaje hali yako? Kuna jambo linalokusumbua?” Halafu tusikilize. Si lazima tumtupie ukweli wote kwa siku moja. Mara nyingi anaujua kutuzidi, anachotafuta ni mtu wa kuuzungumza naye. Bikira Maria pale msalabani hakuweza kuondoa hata msumari mmoja. Alisimama hapo, na hadi leo tunamwita Mama yetu.

Sikumpigia simu yule kijana wa Geita, na nitalibeba hilo hata siku ya upadirisho wangu, Mungu akijalia. Ninyi mnaosoma mnaye mtu kitandani, nyumbani kwenu au nyumba ya tatu kutoka kwenu. Mwendeeni wiki hii, kabla hatujakutana chini ya turubai.