Likasi: kabla ya kuuliza minervali, ulizeni hospitali

Matokeo ya Exetat yakitoka, Likasi nzima inajua. Vijana wanapita Kikula na Panda wamejimwagia poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi, mama anacheka na kulia mlangoni. Siku mbili tatu baadaye poda imeshaoshwa, na ndani ya nyumba linaanza swali ambalo halina muziki: mtoto aende wapi? Kama alisoma biokimia na akapata asilimia nzuri, jibu la ukoo linajulikana mapema. Atakuwa munganga.

Hakuna ubaya katika ndoto hiyo. Nchi hii ilifika uhuru tarehe 30 Juni 1960 bila daktari Mkongo mwenye diploma kamili. Kulikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu wenye ujuzi mkubwa, ambao Wabelgiji waliwafundisha kisha wakawaacha nusu ya njia. Ilibidi makumi yao wapelekwe Ufaransa kumaliza masomo, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mzee anayeuza parseli ili mjukuu wake avae bluzi nyeupe ana sababu zake, na ni za heshima. Ubaya unaingia baadaye, katika namna familia zinavyochagua chuo.

Hesabu inayofanywa katika nyumba nyingi ni ya mwaka mmoja. Wazazi wanauliza minervali ya mwaka wa kwanza, wanalinganisha vyuo viwili vitatu, wanachukua cha bei ndogo au cha karibu, halafu wanamshukuru Mungu. Lakini katika mfumo wa zamani udaktari ulikuwa wa miaka 7: 3 ya graduat na 4 ya doctorat. Mfumo mpya wa LMD, ulioanza kutumika mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha majina na mpangilio, ila masomo haya bado ni ya miaka mingi. Na hapo hatujahesabu kurudia mwaka, wala grevi za maprofesa ambazo kila mwanafunzi wa Kongo amezionja.

Chukua chumba cha dola 30 kwa mwezi kule Lubumbashi, kwa mfano tu. Kwa mwaka ni dola 360. Kwa miaka 7 ni dola 2,520, kabla ya garanti ya nyumba, kabla ya chakula, sillabi na usafiri, na kabla ya minervali yenyewe. Familia inayoijua namba hiyo mapema inaweza kukaa na wajomba na mashangazi na kugawana mzigo. Ile isiyoijua inakutana nayo mwaka wa tatu, wakati mtoto hawezi tena kurudi nyuma na hawezi kwenda mbele. Vijana wa namna hiyo wapo Likasi. Wengine wanauza unite kando ya barabara, wengine wameshuka kwenye mashimo ya wachimbaji, na ukiwauliza wanakutajia mifupa ya mkono yote kwa Kilatini.

Bado pesa siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni hospitali.

Udaktari haufundishwi kwa ubao peke yake. Mwanafunzi anaweza kukariri kurasa zote za malaria ya ubongo, lakini asipowahi kusimama mbele ya mtoto anayetetemeka saa nane za usiku, na daktari mkubwa nyuma yake akimwambia weka mkono hapa, sikiliza hapa, hajajifunza bado. Kwa hiyo chuo cha udaktari kina thamani ya vitanda vyake, wagonjwa wake na madaktari wanaokubali kufundisha pembeni ya kitanda. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kliniki zake, na wanafunzi wake wanapita pia katika hospitali ya Jason Sendwe, ambamo wagonjwa hawakosekani. Kinshasa, fakulte ya UNIKIN ina kliniki zake pale Mont-Amba. Bukavu, Chuo Kikuu cha Kiinjili, UEA, kinafanya kazi pamoja na hospitali ya Panzi. Vyuo hivyo vinatofautiana kwa mengi, lakini kwa kila kimoja mzazi anaweza kuonyeshwa nyumba ya wagonjwa na kuambiwa: mtoto wako atajifunzia hapa.

Mbele ya chuo ambacho hakiwezi kuonyesha nyumba hiyo, mzazi ashike pesa yake kwanza. Rangi mpya ukutani haiponyeshi mtu. Mara kadhaa serikali imetuma wachunguzi kuangalia kama vyuo vya juu vinastahili kuendelea, na vingine vikafungwa. Chuo kikifungwa, mwenye chuo anatafuta biashara nyingine. Mwanafunzi ndiye anayebaki na makaratasi yasiyopokelewa popote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata franka moja ya kuandikisha, kuna maswali ya kuuliza bila aibu. Wanafunzi wa mwisho wanafanya staji wapi, na wangapi wanazunguka kitanda kimoja? Profesa wa anatomia anaishi hapa, au anakuja kwa ndege, anamaliza somo la miezi katika wiki moja na kuondoka? Je, chuo kimekwisha kutoa madaktari, na hao madaktari wameandikwa katika Baraza la Waganga, ambalo bila namba yake hakuna ruhusa ya kutibu katika nchi hii? Anayejibu kwa hasira swali la namna hiyo ameshajibu.

Wako watakaosema UNILU imejaa, kwamba katika mwaka wa kwanza mtoto ni kichwa kimoja kati ya mamia, na kwamba wengi wanaanguka. Ni kweli, na inauma. Wanasema pia kwamba katika chuo kidogo mwalimu anajua jina la mwanafunzi. Hilo nalo ni jema, na chuo kidogo chenye hospitali inayofanya kazi kinaweza kumlea mtoto vizuri kuliko kikubwa. Lakini kijana anayeanguka mwaka wa kwanza mahali pagumu amepoteza mwaka mmoja. Anayepitishwa kila mwaka mahali palegevu anaweza kupoteza yote 7, na baada yake mgonjwa atapoteza zaidi.

Ukubwa wa jina nao unadanganya. Dunia nzima ilisikia habari za Daktari Denis Mukwege alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Ni wachache wanaojua kwamba udaktari aliusomea Burundi, nchi jirani ndogo. Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali ya Lemera, huko Kivu Kusini, akaona wanawake wanavyoteseka wakati wa kuzaa, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Wodi ya kijijini ndiyo iliyomwonyesha la kusomea.

Na nje ya nchi je? Likasi iko karibu na Zambia kuliko ilivyo karibu na Kinshasa, na kuna familia zinazotazama Ndola, ambako Chuo Kikuu cha Copperbelt kina shule ya udaktari yenye jina la rais wa zamani Michael Sata. Si wazo baya kwa mwenye uwezo. Lakini huko masomo ni ya Kiingereza, mgeni ana malipo yake, na diploma ya nje lazima ipitie Kinshasa kutafuta ekivalansi kabla mwenye nayo hajavaa bluzi hapa. Mwenye kuchagua Ndola aanze Kiingereza leo, asingoje mpaka avuke Kasumbalesa.

Familia zilizokimbia vita zina shida yao ya pekee. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, kuna vijana walioacha fakulte katikati, na wengine wenye diploma ya serikali iliyobaki ndani ya nyumba ambayo hakuna anayejua kama bado imesimama. Waliotoka Mitwaba na Pweto miaka ya nyuma wanaijua habari hiyo, na wazee wa Likasi waliouona umati wa watu kwenye stesheni ya treni mwaka 1992 na 1993 hawahitaji kuelezwa. Kwa hao, kuchagua chuo kunaanza na karatasi. Matokeo ya Exetat yanahifadhiwa Kinshasa, na aliyepoteza diploma anaweza kuomba hati inayoshika nafasi yake kupitia ofisi za elimu za jimbo. Aliyekuwa ameanza udaktari atafute releve ya alama zake, hata kwa kumwandikia sekretari wa fakulte aliyekimbilia mji mwingine. Bila releve, miaka 3 aliyosoma ni hadithi tu, na chuo kipya kitamrudisha mwanzo.

Hapa vyuo vya Haut-Katanga vinadaiwa kitu. Kijana wa mwaka wa tatu aliyefika na begi moja asiambiwe kwa dirisha la ofisi kwamba karatasi hazitoshi, basi. Apewe mtihani. Kama anajua, atajulikana kwa kalamu yake, na karatasi zitafuata. Wilaya zetu za afya zina vijiji ambavyo mama mjamzito anabebwa kwa baiskeli saa nyingi kabla ya kumwona daktari; kumrudisha nyuma miaka 3 kijana aliyekwisha kufundishwa ni anasa ambayo jimbo hili halina.

Neno moja juu ya chaguo la pili, kwa sababu wengi hawapendi hata kulisikia. Kuna ISTM, ambako muuguzi wa A1 anatoka akiwa na kazi mikononi kabla mwenzake wa udaktari hajamaliza. Katika vituo vingi vya afya vya vijijini, ni muuguzi anayepokea, anayepima, anayezalisha na anayeandika dawa. Msichana anayetaka kutibu watu na ambaye familia yake ina pesa ya miaka 3 tu, asipelekwe kwenye safari ya miaka 7 ili baba apate kusema barabarani kwamba ana mtoto daktari.

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Kwa nauli ya kwenda na kurudi, mzazi na mtoto wanaweza kutembelea hospitali kabla ya kutembelea ofisi ya kuandikisha. Waende siku ya kazi, asubuhi, saa ambapo wanafunzi wa staji wako wodini, wamngoje mmoja wao atoke, wamnunulie soda na kumuuliza mwaka huu ameshika wagonjwa wangapi.