KAMBA YA MKWEZI SI SADAKA

Twasikia baadhi ya makarani wenzetu wakisema kwamba mkata matawi hahitaji kamba, maana wazee wa pwani walikwea minazi tangu zamani bila ukanda wala kofia. Neno hili hatulikubali. Mkwezi wa mnazi hakupanda hivi hivi: alitia kitanzi cha kamba miguuni, au alikanyaga vipandio vilivyochongwa katika shina, na silaha yake ilikuwa panga tu. Mwembe wa barabarani ni jambo jingine. Mtu husimama juu ya tawi, ameshika msumeno wa mashine kwa mikono miwili; je, ajishikilie kwa nini? Kwa meno?

Mtu huyo yampasa awe na ukanda wa kiunoni na mapajani, na kamba mbili, ili msumeno ukikata moja, ya pili imzuie. (Wadhanio kuwa viatu vya miiba ya chuma vyatosha, wajue kwamba miiba hiyo hujeruhi gome la mti ulio hai, yafaa kwa mti unaoangushwa kabisa.)

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Nasi ndio tuandikao hati za ununuzi. Ombi la kamba likilala mezani miezi mitatu, na la viti vya ofisi likapita kwa siku moja, ni mkono wa nani uliolilaza? Twawaomba wanachama wote washikao daftari za bohari wayatafute maombi hayo juma hili, wayafikishe kwa wakubwa wao, wala wasimwandikie mtu zamu ya kupanda kabla kamba haijafika.