Mtoto Hajapandwa na Shetani

Leo tunasema wazi, na atakayeudhika atusamehe.

Mtoto kaingizwa chumba cha upasuaji kutolewa mafindofindo. Sisi tuko nje kwenye benchi, tasbihi mkononi. Mara ukelele! Tukiitwa ndani, mtoto anapiga mateke, anang'oa mpira wa dripu, macho kayatoa lakini hatujui. Bibi aliye pembeni anasema, "Huyo kapandwa na shetani." Nesi naye, "Mama, umemdekeza."

Wote wawili wamekosea. Hali hii madaktari wanaijua miaka mingi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa wakilazwa kwa gesi ya sevofluraini, ambayo hutoka mwilini haraka. Mwili unaamka, akili bado haijarudi. Maumivu na hofu huzidisha. Mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa, na mtoto hakumbuki kitu. Tunaokumbuka ni sisi.

Lakini ndani ya nusu saa hiyo mtoto anaweza kuanguka kitandani au kujitonesha kidonda. Basi kwa nini hatuambiwi mapema? Na sisi kwa nini hatuulizi? Tukipeleka kitambaa cha harusi kwa fundi, tunamuuliza maswali kumi kabla hajashika mkasi. Karatasi ya nusu kaputi ya mtoto tunatia saini kimya kimya!

Tuulize. Tumwambie daktari wa usingizi kwamba mtoto ni muoga, au kwamba safari iliyopita aliamka na vurugu. Zipo dawa, kama propofoli kidogo mwisho wa upasuaji, za kumsaidia aamke polepole. Dawa ya maumivu iwe imeshafanya kazi kabla hajafumbua macho. Akianza fujo, wahakikishe kwanza kwamba hewa na sukari mwilini mwake ziko sawa, wasikimbilie kumfokea.

Na mama aitwe mtoto anapoanza kuamka, asingoje mpaka kelele zimejaa ukumbi mzima. Hatusemi mama ni dawa. Tunasema sauti anayoijua mtoto isifungiwe mlango. Wakisema nafasi ni ndogo, tutasimama.

Na sisi tujisute. Tuache kumwambia mtoto "tunakwenda Forodhani kula aiskrimu", kumbe tunampeleka hospitali. Dini yetu imetukataza uongo, hata kwa mtoto mdogo. Akigundua mlangoni kwamba kadanganywa, anaingia na hofu, na hofu hiyo huweza kuamka naye. Tumwambie kweli kwa maneno yake: utalala, koo litatengenezwa, litauma kidogo, mama yupo.

Kumsomea tumsomee, dua ni silaha yetu. Ila ngamia hufungwa kwanza, ndipo tukatawakali.