Tumbo, Utumbo na Habari ya Pailori

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani mtaani Shela, Malindi, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja aliponikabidhi simu yake nisome ujumbe uliokuwa ukizunguka. Ujumbe ulidai kwamba wataalamu wamegundua kuwa bakteria ya tumboni ndiyo iletayo saratani ya utumbo. "Ami," akaniuliza, "si wewe ni daktari? Tueleze." Nilimkumbusha kwamba udaktari wangu ni wa lugha, na kwamba mgonjwa pekee ninayeweza kumtibu ni sentensi. Watu walicheka. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Utumbo upi?"

Swali hilo halijaniondoka akilini hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimejitahidi kuisoma habari yenyewe ilikotoka. Nimeona kwamba mzee yule aliuliza jambo ambalo wengi wetu, tuliosoma na tusiosoma, hatuna jibu lake.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 1982, mjini Perth huko Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua bakteria iliyojipinda kama parafujo ikiishi ndani ya tumbo la binadamu, mahali ambapo vitabu vyote vilisema hapawezi kuishi kiumbe kwa sababu ya ukali wa asidi. Leo inaitwa helikobakta pilori, na mitaani husikika ikiitwa "pailori" tu. Wakati huo vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuletwa na wasiwasi, pilipili na maisha ya haraka. Marshall alipoona hasadikiwi, mwaka 1984 alikunywa mchuzi wenye bakteria hizo, na baada ya siku chache akaugua. Mwaka 2005 yeye na Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, lilikuwa limekwisha kuiandika bakteria hiyo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa yakini kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyokusudiwa hapo ni ya tumbo lenyewe, ule mfuko unaopokea chakula kutoka kooni. Hilo halina ubishi.

Jambo jipya ni hili la utumbo mpana. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanajeshi wastaafu zaidi ya 800,000 waliokuwa wamepimwa pailori kati ya 1999 na 2018. Robo yao walikuwa nayo. Ilionekana kwamba walioambukizwa walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 18. Miongoni mwa walioambukizwa, wale ambao hawakutibiwa walikuwa katika hali mbaya zaidi kuliko waliotibiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Munich, Ujerumani, walikuwa wameonyesha kwa panya kwamba bakteria hii, ingawa makao yake ni tumboni, huvuruga kinga ya mwili na ute unaolinda kuta za utumbo ulio mbali nayo.

Ujumbe wa simu haukusema hayo. Ulisema "ndiyo iletayo". Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba "huambatana na" si sawa na "husababisha", lakini maneno hayo yakipita katika simu tatu, tofauti hiyo hupotea. Na ile asilimia 18 nayo ina hila zake. Tuseme kwamba katika watu 1,000 wasio na bakteria, 40 watapata saratani ya utumbo katika maisha yao. Asilimia 18 zaidi maana yake ni kwamba katika watu 1,000 walio nayo watapata 47. Haina maana kwamba watu 18 katika kila 100 watapata. Wale saba walioongezeka si watu wa kupuuzwa, kwani kila mmoja ana watoto wake, lakini hawatoshi kumfanya mtu akose usingizi kwa sababu karatasi ya kliniki imeandikwa "ipo".

Ingekuwa vinginevyo, sisi wa Pwani tungekuwa tumekwisha. Uchambuzi uliokusanya tafiti za ulimwengu mzima na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba Waafrika wapatao 70 katika kila 100 wanaishi na bakteria hii. Aghalabu mtu huipata utotoni, kwa mate, kwa matapishi, kwa mikono na maji yasiyo safi, na huishi nayo miaka yote bila kuisikia. Wala si mgeni wa jana. Wataalamu wa chembe za urithi walionyesha mwaka 2007 kwamba ilitoka pamoja na binadamu katika Afrika Mashariki yapata miaka 58,000 iliyopita. Aina zake zinagawanyika ulimwenguni namna watu walivyogawanyika, kiasi kwamba hata kuenea kwa Wabantu, jambo ambalo sisi wanaisimu hulifuatilia kwa kulinganisha maneno, kunasomeka katika bakteria za matumboni mwao. Nakiri kwamba nilipoisoma habari hiyo nilisahau kwa saa nzima kuwa nilikuwa nikisoma kuhusu maradhi.

Hapa pana fumbo, na fumbo hili linatuhusu. Dakta Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi hadi 1966, alishangazwa na uchache wa saratani ya utumbo mpana miongoni mwa Waafrika aliowahudumia, akaona chanzo ni chakula chao chenye makapi mengi. Mwaka 1992 daktari mwingine, Holcombe, aliandika kuhusu kitendawili cha Afrika: bakteria imejaa, saratani ya tumbo ni chache. Wapo waliomjibu kwamba saratani ilikuwapo, ila vipimo ndivyo vilivyokosekana. Mimi si wa kuamua ugomvi huo. Lakini hoja moja haihitaji udaktari. Ikiwa pailori tumekuwa nayo tangu kale, na saratani ya utumbo mpana inaongezeka sasa katika miji yetu, basi ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa bakteria peke yake. Tutazame vilivyobadilika: umri wetu umerefuka; sima ya mahindi ya kusaga kwa ganda na mboga za mchunga zimewapisha mkate mweupe na chipsi; sigara na pombe vimeongezeka, na mtu hukaa kitini kutwa. Huenda bakteria inamsaidia adui huyu. Hakuna dalili kwamba ndiyo inayomwongoza.

Sasa nirudi kwa mzee na swali lake, maana hapo ndipo ninapokuwa na haki ya kusema.

Neno "tumbo" katika Kiswahili ni nyumba yenye vyumba vingi na mlango mmoja. Mja mzito ana tumbo. Mtoto anayehara anaumwa na tumbo. Mwenye vidonda, mwenye minyoo, mwenye kibole, msichana aliye katika siku zake, wote wataanza kwa kusema "tumbo". Neno "chango" nalo hutumika kwa maumivu ya utumbo na ya kizazi vilevile. Si upungufu wa lugha yetu peke yake. Lugha nyingi za Kibantu zina tabia hiyo. Hata neno "ndani" asili yake ni "nda", yaani tumbo, neno ambalo Wakikuyu wanalo mpaka leo. Kwa babu zetu, kilichokuwa ndani kilikuwa tumboni, basi. Kwa mazungumzo ya kila siku inatosha. Lakini mbele ya mhudumu wa afya mwenye foleni ya watu sitini, haitoshi.

Nina ushahidi wa karibu. Mjomba wangu, mvuvi wa Malindi, aliumwa na tumbo kwa muda uliozidi miaka mitatu. Kila alipokwenda kwenye kliniki moja ya mtaani, ambayo sitaitaja, aliulizwa, "Mzee, una shida gani?" Alijibu neno moja: "Tumbo." Mara ya kwanza alipewa dawa ya amiba. Mara ya pili alitolewa tone la damu kidoleni, akaambiwa ana pailori na asidi, akapewa dawa. Akanunua nusu yake, kwa sababu fedha hazikutosha na kwa sababu siku ya nne alijisikia vizuri. Katikati ya hayo alikunywa mwarobaini na shubiri. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akiona damu chooni. Hakumwambia mkewe wala wanawe. Yule mhudumu alikuwa binti wa umri wa mjukuu wake. Mzee mwenye haya zake atamwambiaje binti huyo habari za kinyesi? Naye binti, kwa adabu aliyofunzwa kwao, atamwulizaje? Heshima ya pande zote mbili ilitimia. Alipopelekwa Mombasa na kupitishiwa ule mpira mwembamba wenye kamera, uvimbe ulikuwa katika utumbo mpana, na ulikuwa umekwisha kutambaa hadi kwenye ini. Hakumaliza mwaka.

Je, ni pailori iliyomuua? Sijui, na hakuna awezaye kujua. Ninachojua ni kwamba neno "pailori" lilipotamkwa, kila mtu alitulia. Maradhi yalikuwa yamepata jina, na hakuna aliyeendelea kuuliza. Ndiyo maana nauogopa ule ujumbe wa simu kuliko bakteria yenyewe. Ukituaminisha kwamba saratani ya utumbo ni jambo la pailori, basi mwenye kupimwa na kukutwa hana atajiona salama, na aliyetibiwa atadhani amemaliza.

Kipimo chenyewe nacho kisemwe. Kile cha damu ya kidoleni, ambacho ni rahisi na kimeenea, huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria. Hakiwezi kusema kama ipo leo. Cha kuaminika zaidi ni cha kinyesi au cha pumzi. Na tiba si kidonge kimoja. Ni viuavijasumu viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14 mfululizo. Anayenunua nusu karatasi ya vidonge dukani huwafunza bakteria ustadi wa kuishi. Kwetu dawa hizo hununuliwa kwa kila tumbo linalonguruma, kwa hivyo usugu wake si jambo la kushangaza. Na atokaye kutibiwa Kilifi mjini akarudi Ganze kunywa maji ya silanga pamoja na ng'ombe, au akarudi kwenye mtaa wa Malindi ambao mifereji yake hutoa upepo siku nne kwa wiki, hapaswi kulaumiwa akiambukizwa tena. Maji ya Baricho yanapita kando ya vijiji ambavyo havina mfereji yakielekea mijini na hotelini. Wanaotuhubiria kuosha mikono wangefaa kuanzia hapo.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu moja. Katika shule zetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Mambrui au Takaungu anaweza kuchora njia ya chakula yote, akaandika kila jina mahali pake na kupata alama kamili. Mwambie amweleze bibi yake mchoro huo, atakwama kwenye koo. Si kwamba maneno hayapo. Lipo "umio", linaloshuka na chakula hadi tumboni. Upo "utumbo mwembamba", wenye urefu wa mita zipatazo sita. Upo "utumbo mpana", wa mita moja na nusu, na mwisho wake "puru". Maneno haya yamo vitabuni kwa miaka mingi, lakini hayajashuka hadi barazani. Kwa familia nyingi za hapa, mtoto wa sekondari ndiye mkalimani wa hospitali. Mkalimani asiyejua "puru" ni nini atamwambia daktari "tumbo", na safari ya mjomba wangu itaanza upya.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi. Waandike kwa Kiswahili, kwa adabu inayofaa kumwuliza mzazi, maswali manne ambayo daktari huuliza: kama kuna damu katika choo, kama choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, kama mtu amekonda bila sababu, kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo. Kisha wakayaulize nyumbani. Wengi walirudi wakisema kazi ngumu ilikuwa swali la kwanza. Mmoja alilizunguka kwa kutumia neno "msala" badala ya "choo", akaona babu yake analegea. Mwingine, kijana wa upande wa Ganze, hakuleta karatasi siku ya kukusanya kazi. Nilipomwuliza, alisema kwamba baba yake alijibu "ndiyo" kwa swali la kwanza na la pili, kwamba hakuwa amewahi kuulizwa, na kwamba Jumatatu waliamkia hospitali Kilifi. Majibu bado wanayangoja.