Dodani mbele ya masomo: shofere analia, mama analia



Juma hili tuongee juu ya dodani. Katika kartie nyingi za Lubumbashi, watu wakichoka kuona motoka zinapita mbio karibu na lupango zao, wanachukua majembe, wanarundika udongo na mawe katikati ya barabara. Asubuhi shofere anakuta kilima. Mama anashukuru Mungu, shofere anatukana. Ni nani mwenye haki?

Tumsikilize kwanza shofere, maana ni bwana yetu, ni kaka yetu, ni mtoto wetu. Mara nyingi motoka si yake. Kila jioni mwenye motoka anangoja vesema, siku iwe nzuri au mbaya. Resori ikivunjika juu ya dodani, siku yake ya kazi imekwisha, na nyumbani chungu kinapungua. Usiku umeme ukikatika, dodani ya udongo haionekani: haina rangi, haina alama. Mvua ikianza, maji yanasimama kando yake na kuchimba shimo. Basi motoka na moto zinakwepa, zinapita pembeni kabisa, pale watoto wetu wanapotembea. Dodani mbaya inaondoa hatari katikati na kuisogeza kwa mtoto.

Lakini mama naye ana haki, na hesabu inamtetea. Motoka inayokimbia kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Shofere akiona mtoto, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujagusa freni. Mita 17 zimekwisha, na motoka haijaanza hata kupunguza. Kwa kilometa 30, ni mita 8 tu, na freni yenyewe inahitaji robo ya nafasi ile. Ndiyo maana mwaka 2020, kule Stockholm, wajumbe wa nchi nyingi walipatana kwamba mahali motoka na watu wa miguu wanapochanganyika, mwendo usipite kilometa 30.

Kwa hiyo hatukatai dodani, tunakataa dodani isiyopimwa. Ufaransa, kwa amri ya 1994, dodani inapaswa kuwa na kimo cha sentimeta 10 na urefu wa mita 4 kufuata njia. Motoka inapanda polepole na kushuka polepole. Anayeumia ni yule tu anayekimbia. Zetu nyingi ni fupi na kali kama ngazi, zinamwumiza hata anayekwenda pole.

Tufanye nini? Kikundi kiandike barua kwa shefu wa kartie na burugumesta, na kopi kwa OVD, maana ndiyo inayoshughulika na barabara za mji na mitaro. Tuombe dodani mbili, moja kabla ya masomo na moja baada yake, pamoja na rangi nyeupe na alama. Tuwaombe mashofere wa parking ya karibu watie sahihi pamoja nasi. Barua yenye sahihi za mama na za shofere ni vigumu kuiweka chini ya meza.

Tukingoja jibu, dodani ya udongo iliyopo tuipake chokaa, tuondoe mawe, tujaze mashimo ya pembeni. Saa ya kutoka masomo, mama wawili wasimame barabarani kwa zamu. Na basi zenye usukani kuume, mlango wake unafunguka upande wa kushoto, na kwetu huko ndiko katikati ya barabara. Tumwombe reseveri ashuke kwanza, amshike mtoto mkono mpaka kando.

Kikundi kitakachoandika barua kituletee kopi, ili wengine waione na kuifuata.