Afande Naye Ana Kwao

Mtoto akikataa kulala, wewe humwambia nini? Wengi wetu twalijua jibu kwa kuwa nasi tuliambiwa vivyo hivyo: "Nyamaza, polisi anakuja!" Mtoto hujikunyata, nyumba ikatulia. Lakini siku mtoto huyo akipotea katikati ya soko la Kongowea, na aliye karibu ni askari mwenye sare, je, atamkimbilia au atamkimbia?

Tukizungumza habari ya polisi na nguvu wanazotumia, aghalabu twaanzia barabarani, penye marungu na vitoza machozi. Mimi naanzia chumbani, maana hofu hii twaipanda wenyewe mapema.

Na si hofu ya bure. Nani amesahau Machi 2020, mvulana wa miaka 13 alipopigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu? Wazazi wangapi usiku ule waliwaita wanao ndani na kufunga madirisha?

Afande naye ana hofu yake. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi wapatao 40 waliuawa wakifuata ng'ombe walioibwa. Huko Lamu, Garissa na Mandera, gari la doria likitoka alfajiri, dereva hajui kama njiani kumefukiwa kilipuzi. Mkewe hushinda na simu mkononi.

Sasa wakutanishe hawa wawili wenye hofu. Siku moja nilisimama kwenye stendi ya bodaboda hapa Mombasa. Askari mmoja, peke yake, alikuwa amemshika kijana mkono. Watu wakaanza kujaa, pikipiki zikanguruma, sauti zikapaa: "Mwachilie!" Nilimwona afande jasho likimtiririka shavuni, na mkono wake wa kulia ukishuka taratibu hadi kiunoni. Hapo ndipo mama muuza mahamri alipoacha karai lake likichemka, akasogea.

"Mwanangu," akamwambia askari, si yule kijana, "wampeleka kituo gani? Na kosa lake ni nini, tukamwambie mamake."

Afande akataja kituo, akataja kosa. Mkono ukarudi juu. Waendesha pikipiki wakafungua njia, wengine wakinung'unika, na mahamri mawili matatu yakaungua.

Mama yule huenda hajawahi kuisoma Katiba, lakini aliuliza lile hasa ambalo ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa: kuambiwa sababu mara moja. Ibara hiyo pia inampa haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza mahakama inapofunguliwa. Sheria ya polisi ya 2011 nayo yamtaka afisa aanze kwa njia zisizo za nguvu. Zikishindwa, nguvu zilingane na hali iliyopo. Aliyeumia atibiwe, jamaa zake wajulishwe. Amri ya mkubwa haimwoshi mtu aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Je, kijana wako wa sekondari anayajua haya? Msomee, ila mfunze na sauti ya kuyasemea.

Mtu akiumizwa, hospitali kwanza, na karatasi za daktari zihifadhiwe. Kisha piga ripoti kituoni upewe nambari ya OB, yaani daftari la matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Ukihisi mlango wa kituo ni mzito, iko IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kupokea malalamiko kama hayo. Kwenda huko si kumchukia polisi. Wapo maafisa wengi wanaofanya kazi yao sawasawa, na doa la mwenzao huwapaka wote.

Nawe afande unayesoma haya ukiwa umevua viatu, taja jina lako kabla hujaulizwa. Na yule mwenzako ambaye siku hizi halali, chai haimpiti kooni, umemuuliza kilichompata?

Je, mkutano wa usalama wa Nyumba Kumi mtaani kwenu ni lini? Mwalikeni OCS, mkuu wa kituo chenu, mumkaribishe kiti na soda, na watoto waje wamwone akicheka. Mwulizeni askari wake wanalala wapi, na kama gari la kituo lina mafuta. Jibu huenda likawashangaza.