Mwenda kwa Miguu Katika Mji wa Masaku

Machakos ni mji mkongwe kuliko Nairobi. Ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara hadi reli ilipoupita kando, na mwaka wa 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi. Wengi hulisimulia jambo hili kwa masikitiko. Nionavyo mimi, reli ilituachia tunu: mji ambao mtu mwenye afya anaweza kuukata kwa miguu, kutoka sokoni hadi Uwanja wa Kenyatta, au hata hadi lango la Chuo Kikuu cha Machakos.

Tunu hii tunaipoteza. Vijia vya kando vimegeuzwa maegesho, na anayeshuka barabarani hupigiwa honi kana kwamba ni mwizi. Mwanafunzi atokaye maktabani usiku hulazimika kuchagua baina ya giza la kando na mataa ya magari.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, uchukuzi wa umma, na hata vivuko na bandari, vitu ambavyo Machakos haina. Mwenda kwa miguu hakutajwa. Aidha, mwenye gari hulipa ada ya maegesho, naye huyu halipi kitu, basi huonekana kama asiyedai chochote. Hata lugha yetu imempa mwendeshaji neno moja, dereva, ilhali huyu mwenzake tunamtaja kwa fungu zima la maneno!

Sisemi bodaboda ziondolewe. (Jina lenyewe, kama wanaisimu wajuavyo, lilizaliwa mpakani Busia enzi za baiskeli.) Mkulima wa Iveti mwenye gunia la maembe, au mama mjamzito usiku wa manane, atasafiri kwa nini kingine? Ninalopinga ni kumlazimu kijana mzima kulipa nauli ya mwendo mfupi kwa sababu tu njia ya kutembea haipo.

Bajeti ya kaunti hujadiliwa kila mwaka, na sheria inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Wanachama wetu wafike kwenye vikao hivyo na hoja iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu: kabla ya maegesho mengine kujengwa, itengenezwe njia ya miguu yenye taa kutoka sokoni hadi lango la Chuo.